Kiwiko cha mbwa: kabla ya kisu, jua kwanza ni mfupa gani

Mbwa mkubwa akianza kuchechemea mguu wa mbele akiwa na miezi mitano sita, hapa Dodoma jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba ameteguka. Atashikwa bega, atashikwa kidole kimoja kimoja kuangalia kama kuna mwiba, atachomwa sindano ya maumivu alafu utaambiwa umpumzishe siku kadhaa. Na kweli hizo siku kadhaa anatembea vizuri, sindano ikiisha nguvu mguu unarudi vilevile. Mimi nimepita huko na Jasiri wangu, German Shepherd dume, na tangu hapo kila nikikaa na watu wanaofuga mbwa nasikia hadithi ile ile, ndo maana naandika hii kwa kirefu. Kuna ugonjwa wa kiwiko unaowapata sana hawa mbwa wetu wakubwa, unaitwa displasia ya kiwiko, yaani kiungo kinakua vibaya, na kwa mbwa wa umri ule kila mwezi unaopita unapunguza kile ambacho daktari anaweza kufanya.

Huku kwetu zamani haikuwa shida ya kuongelea. Mbwa wa Kigogo anayefuata ng'ombe kutoka asubuhi mpaka jioni ni mwembamba, mwepesi, anakua taratibu, ukimwona Chamwino au Bahi anakimbia na vijana wa machungani huwezi kuamini anakula kidogo kiasi kile. Ugonjwa huu ni wa mbwa wakubwa wanaokua haraka: Rottweiler, German Shepherd, Labrador, Golden Retriever, Boerboel na wenzao. Sasa tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, nyumba zimeota Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Msalato, kila mwenye ukuta na geti anataka mbwa wa kutisha, na watoto wa mbwa hao wananunuliwa kutoka Dar, Arusha, wengine wanazalishwa hapahapa. Mbwa wamekuja, elimu ya viwiko vyao haijaja nao.

Nianze na kiwiko chenyewe maana bila kukielewa maneno ya daktari yatakupita juu. Pale kiwikoni zinakutana mifupa mitatu. Juu kuna humerasi, mfupa wa mkono wa juu. Chini kuna miwili inayokwenda pamoja, radiasi na alna. Radiasi ndo inabeba mzigo mkubwa kutoka chini, na alna kwa nyuma imeizunguka humerasi kama kiganja kilichoshika mpini wa jembe. Kwenye huo mshiko kuna ncha mbili za kukumbuka. Ya juu inaitwa ankoniasi, inaingia kwenye shimo la nyuma ya humerasi mbwa akinyoosha mguu. Ya chini, upande wa ndani unaoelekea kifuani, inaitwa koronoidi, na hii ni ndogo lakini inabeba uzito mwingi. Kumbuka pia kwamba mbwa anabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, kwahiyo kiwiko hakipumzishwi hata akiwa amesimama tu getini.

Ili kiungo hiki kikae sawa inabidi radiasi na alna zikue kwa mwendo mmoja. Mmoja ukichelewa hata kwa milimita chache, uzito unakwenda pasipostahili. Alna ikiwa fupi kuliko radiasi, humerasi inasukumwa juu inaigonga ankoniasi wakati ankoniasi yenyewe bado haijaungana na mfupa wake. Radiasi ikiwa fupi, uzito unadondokea koronoidi, koronoidi inapata nyufa, inapukutika, wakati mwingine kipande kinatoka kabisa kinabaki kinakwangua gegedu la humerasi, yaani ule utando laini unaofunika mfupa ndani ya kiungo. Kuna na hali ya tatu, osteokondrosisi, ambapo gegedu la humerasi linakua vibaya kwa chini na linabanduka kama kipande. Zote tatu zinaitwa displasia ya kiwiko, na zote zikiachwa zinaishia kwenye baridi yabisi, lakini matibabu yake hayafanani hata kidogo. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, anakuja mtu anasema "mbwa wangu ana displasia, afanyiwe opereshani au asifanyiwe?" Swali halijibiki hivo. Ni ncha gani? Mbwa ana miezi mingapi? Gegedu limebaki kiasi gani?

Dalili zake zinadanganya. Mbwa hatalia. Watu wanasubiri alie ndo waamini anaumwa, mbwa halii kwa maumivu ya kiungo, ananyamaza na kubadilisha mwendo. Angalia asubuhi anapoamka, hatua za kwanza ni ngumu alafu akipasha mwili zinalainika kidogo, na jioni baada ya kucheza sana ndo anachechemea waziwazi. Angalia kichwa: akikanyaga mguu unaouma kichwa kinapanda, akikanyaga mzima kinashuka. Angalia namna anavyokaa au kusimama, vidole vimegeukia nje na kiwiko kimebanwa ndani karibu na ubavu, au kinyume chake. Ukikunja kiwiko mpaka mwisho au ukinyoosha, anavuta mguu. Na kuna jambo ambalo linawapita hata watu wazoefu, ugonjwa huu mara nyingi uko viwiko vyote viwili, na mbwa anayeumwa pande zote hachechemei upande wowote, kichwa hakipandi wala hakishuki, anatembea tu kwa hatua fupi fupi na watu wanasema ni mvivu, au ni mpole. Mbwa wa miezi saba wa aina ya German Shepherd ambaye ni mpole kupita kiasi, hataki kushuka ngazi, anakaa chini kila mkisimama, huyo apigwe picha ya eksrei.

Jasiri alianza na mguu wa kushoto. Mtu wa kwanza aliyemtibu, simtaji, alimchoma sindano akasema ni msuli. Akachoma tena. Mara ya tatu nilikataa, sio kwa ujuzi wowote, nilikataa kwasababu nilikuwa nimeshaona mbwa anavyoamka asubuhi, na msuli hauumi kwa mpangilio ule. Nikampigia daktari wa mifugo mwingine, kijana aliyesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akaja jioni nyumbani, akamtazama akitembea kwenda na kurudi pale barabarani kwa muda mrefu kabla hata ya kumgusa. Alafu akapiga magoti, akakunja kiwiko cha kulia, sawa, akakunja cha kushoto, Jasiri akageuza shingo akamwangalia.

"Dada, huyu tusiongeze sindano," akaniambia. "Ana miezi saba sasa eh? Hii ni picha. Na picha yenyewe isiwe ya kumsimamisha tu, kiwiko kikunjwe kabisa, vinginevyo hatutaona kitu."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo naomba mtu yeyote aishike. Ankoniasi kwenye picha ya kawaida inajificha nyuma ya humerasi, ukikunja kiwiko mpaka mwisho ndo inajitokeza peke yake. Mbwa mwenye maumivu hakubali kukunjwa akiwa macho, kwahiyo anapewa dawa ya usingizi, na vinapigwa viwiko vyote viwili hata kama kimoja kinaonekana kizima. Wakikwambia picha moja ya upande mmoja inatosha, omba wakueleze wanatafuta nini.

Tulikwenda Morogoro, kwasababu SUA ndiko wanakosomea madaktari wa mifugo wa nchi hii na ndiko ukienda unaweza kukutana na watu wanaosoma picha za mifupa ya wanyama kila siku. Safari na mbwa mkubwa mwenye maumivu sio ya basi, tulikodi gari dogo, tukamtandikia godoro la zamani nyuma, tukatoka alfajiri kabla jua halijawaka. Kibaigwa tukasimama anywe maji, Gairo tukasimama tena maana pale kuna kaubaridi kanapumzisha, baada ya Dumila joto likatupokea. Nawaambia wanaosafirisha mbwa kwenye njia hii: msimpe chakula kabla ya kuondoka, kwanza atatapika, pili kama atapewa nusu kaputi siku hiyohiyo inabidi tumbo liwe tupu.

Picha ilionyesha mstari mweusi kati ya ankoniasi na alna. Kwa German Shepherd ile ncha inaanza kama kisiwa chake chenyewe cha mfupa, na inatakiwa iwe imeungana na alna mbwa akiwa na wiki 20 hadi 24 hivi. Kabla ya hapo ule mstari ni kawaida tu, huwezi kusema ni ugonjwa. Baada ya hapo, mstari ukiwepo, ncha haijaungana, na kwa miezi saba ya Jasiri hakukuwa na ubishi. Kiwiko cha kulia kilikuwa safi, nilimshukuru Mungu palepale kwa sauti.

Sasa kwa ugonjwa huu wa ankoniasi njia za kisu ni tatu kubwa. Ya kwanza ni kukitoa kile kipande. Ni opereshani rahisi kuliko nyingine, unafungua kiwiko kwa upande wa nje, unakitoa, unafunga. Maumivu ya kipande kinachocheza yanaisha, ila kumbuka ile ncha ilikuwa na kazi ya kukizuia kiwiko kisiyumbe, kwahiyo kiungo kinabaki kimelegea kidogo na baridi yabisi inaendelea kuja. Kwa mbwa mtu mzima ambaye kipande kimeshaharibika, mara nyingi hiyo ndo inayobaki. Njia ya pili ni kukata alna yenyewe, chini kidogo ya kiwiko, kwa mkato wa mshazari. Nilivyosikia kwamba watamvunja mfupa mbwa wangu makusudi nilishtuka, lakini ukifikiria unaona mantiki yake: alna ni fupi, inavutwa chini, ukiikata kile kipande cha juu kinapata uhuru wa kupanda na kukaa sawa na humerasi, mgongano unaisha, na ncha inapata nafasi ya kuungana yenyewe. Radiasi iko pale inabeba uzito wakati alna inapona. Njia ya tatu ni kukata alna na pia kuifunga ncha kwa skrubu, ili isicheze wakati inaungana. Kwa mbwa mdogo ambaye ncha bado iko mahali pake na haijamomonyoka, kuchanganya skrubu na mkato wa alna ndiko kunakoipa ncha nafasi kubwa zaidi ya kuungana. Skrubu peke yake bila kukata alna ina hatari, kwasababu ule mgongano uko palepale na skrubu inaweza kuvunjika au kung'oka.

Daktari wa upasuaji alinieleza hayo yote kwa kuchora nyuma ya karatasi, na alinieleza jambo jingine ambalo nimelishika mpaka leo. "Hii sio ya kukirudisha kiwiko kiwe kipya," alisema. "Tunataka kiungo kitulie, maumivu yapungue, na baridi yabisi ije polepole badala ya haraka. Baridi yabisi kiasi fulani atakuwa nayo maisha yake yote, ukubali hilo kabla hatujaanza." Nilikubali. Tukachagua mkato na skrubu.

Sitaeleza sana siku ya opereshani maana kwa mwenye mbwa siku ile ni kusubiri tu kwenye benchi. Kazi ilianza baada ya hapo. Wiki za mwanzo mguu unaonekana mbaya kuliko ulivyokuwa, maana mfupa umekatwa, na ndugu walikuwa wananiuliza kama nilimpeleka kutibiwa au kuumizwa. Wiki sita mpaka nane mbwa ni wa mkanda, hakuna kukimbia, hakuna kuruka kwenye gari, hakuna kumfukuza kuku wa jirani. Anatolewa nje akiwa amefungwa, anajisaidia, anarudi. Kila baada ya siku chache daktari anaongeza dakika za kutembea, taratibu, na mwendo wa taratibu ndo mzuri kwasababu unamlazimisha akanyage mguu, akikimbia anaweza kuunyanyua na kutumia mitatu. Mimi nilikuwa namtembeza saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Dodoma ya mwezi wa kumi saa tatu tu lami inaunguza nyayo.

Adui mkubwa nyumbani alikuwa tailizi. Nyumba zetu hizi mpya kila mahali ni tailizi zinazoteleza, mbwa aliyetoka kwenye opereshani ya kiwiko akiteleza miguu ikaachana pembeni anaweza kuharibu kila kitu kilichofanywa. Nilitandika mikeka na mazulia ya zamani kutoka anapolala mpaka mlangoni, njia nzima. Na vumbi letu na upepo, kidonda kinatakiwa kifunikwe akitoka na kisafishwe kama daktari alivyoelekeza, nzi wasitue. Kola ya kumzuia asilambe nilitengeneza kwa ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zikazungushiwa kitambaa zisimkate, ilifanya kazi vizuri kabisa.

Hapa kwenye maumivu naomba nisimame maana nimeona watu wanaua mbwa kwa upendo. Usimpe mbwa diklofenaki. Usimpe ibuprofeni. Ni dawa nzuri kwa bibi yako mwenye magoti, lakini kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na anaweza kufa akiwa anatapika damu wakati wewe unadhani umemsaidia. Mbwa ana dawa zake, meloksikamu, kaprofeni, za kipimo cha mbwa kwa kilo zake, na hata hizo hazichanganywi na nyingine za aina hiyo wala na prednisoloni. Kwenye duka la dawa za mifugo ukiambiwa "hii ya watu ni ile ile tu, gawa nusu", rudi nyumbani mpigie daktari.

Picha ya kurudia baada ya miezi kadhaa ilionyesha alna imeunga na ule mstari mweusi umefifia mpaka kuutafuta. Jasiri anatembea. Asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba upepo ule wa Dodoma ukivuma, anaanza taratibu kidogo. Kiwiko chake hakikunji mpaka mwisho kama cha kulia. Lakini anakwenda na mimi mpaka kilimani na kurudi, na kichwa hakipandi.

Kwa kusikia haya ungefikiri ninamshauri kila mtu akatafute kisu. Hapana, na hapa ndo nataka nimwongelee mbwa wa jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, Mgogo wa Mvumi, ana Rottweiler jike mwenye miaka minne. Aliposikia Jasiri amepona akaja getini.

"Mbukwenyi."

"Mbukwenyi mzee, shikamoo, karibu ndani."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza huyo daktari wa viwiko. Na wangu anachechemea, nataka akatwe kama wako."

Tulimpeleka kwa yule daktari kijana kwanza, akapigwa picha, na ankoniasi zake zilikuwa sawa kabisa. Shida yake ilikuwa koronoidi, pande zote mbili, na tayari kulikuwa na vinundu vya mfupa pembeni ya kiungo. Kuna kundi la kimataifa la wataalamu wa kiwiko lililoanzishwa 1989, International Elbow Working Group, ambalo limeweka madaraja ya kusoma picha hizi, kuanzia 0 hadi 3: vinundu chini ya milimita 2 ni daraja la 1, vya milimita 2 hadi 5 ni la 2, zaidi ya 5 ni la 3. Mbwa wa mzee alikuwa la 3 upande mmoja na la 2 upande mwingine. Koronoidi yenyewe mara nyingi haionekani vizuri kwenye eksrei kwasababu imefunikwa na radiasi, CT skani ndo inaiona sawasawa, kwahiyo daktari anaikisia kwa mabadiliko yaliyo pembeni yake.

Na kwa koronoidi hesabu ya kisu ni tofauti. Kwenye nchi zenye vifaa wanaingiza kamera nyembamba ndani ya kiungo kupitia tundu dogo, athroskopi, wanaona gegedu lilivyo, wanatoa kipande kilichokatika, wengine wanaikata sehemu kubwa ya ncha yote iliyoharibika. Lakini kufungua kiwiko kwa kisu kwa upande wa ndani kwa ajili ya koronoidi ni jambo jingine. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti zilizokuwepo na kulinganisha njia tatu, kamera, kufungua kwa kisu, na kutibu bila opereshani. Kamera ilionekana bora. Kufungua kwa kisu haikuonekana kuishinda tiba ya dawa na kupunguza uzito. Sasa mbwa wa miaka minne, baridi yabisi imeshakaa, kamera hatuna karibu, kwanini umpasue? Yule kijana alimwambia mzee ukweli huo huo na mimi nilimheshimu sana kwa hilo, maana angeweza kuchukua hela.

Mzee hakufurahi mwanzoni. Alikuwa amejiandaa kwa opereshani, kuambiwa apunguze ugali ilikuwa kama amenyimwa matibabu. Lakini kilo ndo matibabu. Mbwa wake alikuwa na mgongo mpana kama meza, ubavu huupapasi. Kuna utafiti maarufu wa Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote, matokeo yakatoka 2002: nusu yao walilishwa robo pungufu kuliko ndugu zao wa uzao mmoja. Wale waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, kwa wastani wa kati miaka 13 dhidi ya 11.2, na baridi yabisi iliwachelewa. Hakuna skrubu inayofanya hivo. Mzee alipunguza dona, akaacha mabaki ya pilau ya watoto, akaongeza mboga za majani zilizochemshwa, akawa anamtembeza polepole kila asubuhi badala ya kumwacha analala siku nzima alafu akurupuke usiku kufukuza bodaboda. Meloksikamu anapewa siku mbaya kwa kipimo cha daktari. Leo mbavu unazipapasa na jike yule anapanda ngazi za baraza mwenyewe. Anachechemea kidogo bado. Mzee anasema ni haki yake, hata yeye anachechemea.

Watu wengine wananitumia video za opereshani kubwa za Ulaya na Marekani wakiuliza kwanini huku hatufanyi. Zipo kweli. Kuna ya kukata humerasi na kuisogeza pembeni kwa sahani maalumu ya chuma yenye ngazi ili uzito uhame kutoka upande wa ndani ulioharibika kwenda upande wa nje wenye gegedu. Kuna ya kukata alna na kuigeuza pembe yake kwa lengo hilohilo. Kuna ya kuweka kipandikizi kidogo upande wa ndani tu, na kuna ya kubadilisha kiwiko chote, ambayo hata huko inafanywa sehemu chache na ikiharibika inaharibika vibaya, maambukizi, kuvunjika, wengine wanapoteza mguu. Na mwisho wa yote kuna kukigandisha kiwiko kisikunje tena, maumivu yanakoma lakini mbwa anatembea kwa kuuzungusha mguu. Mimi sizidharau hata moja, ila ni za kiungo kilichokwisha, na nguvu zetu naona bora ziende mwanzo wa ugonjwa, kwenye ile miezi mitano, sita, saba.

Na hata kabla ya hapo, kwenye sahani. Watu wanamnunulia mtoto wa Rottweiler unga wa kalsiamu "mifupa iwe migumu", wanamwaga juu ya chakula cha dukani ambacho tayari kina kalsiamu ya kutosha. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita hawezi kuizuia kalsiamu inayozidi isiingie mwilini, nyingi inaingia tu, na mifupa inakua vibaya. Kwa upande mwingine mtoto anayelishwa dona na nyama tupu anakosa kalsiamu, hilo nalo linavunja mifupa. Kwahiyo kama unalisha chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa usiongeze kitu, kama unapika nyumbani, dagaa wazima na vingine, kaa na daktari akupangie kiasi. Na usimnenepeshe ili akue haraka aonekane kwenye geti, mtoto wa mbwa mkubwa anatakiwa awe mwembamba kiasi cha majirani kukuuliza kama unamlisha.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Ugonjwa huu unarithiwa, kwa jeni nyingi zikichangiana na chakula na ukuaji, na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku akiwapa watoto wake. Kwenye nchi zenye utaratibu wanapiga picha viwiko vya wazazi wakishafikisha angalau miezi 12 na hawazalishi wenye daraja baya. Mwaka huu alikuja kijana kutoka Kisasa na jike lake zuri sana, anataka Jasiri ampande, amemwona barabarani akavutiwa na kichwa chake. Nilimweleza mguu wa kushoto, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaondoka kwa heshima. Jasiri atahasiwa baada ya mvua hizi. Alafu nikampigia yule aliyeniuzia, kwasababu mama yake Jasiri bado anazaa na kuna uzao mwingine umeshauzwa. Alikasirika kwanza, akasema mbwa wake hawana shida, mimi ndo nilimlea vibaya. Sikubishana. Nilimwambia nitalipa nusu ya gharama ya eksrei ya mama, viwiko vyote viwili, vilivyokunjwa, na wale waliouziwa watoto wa uzao wa sasa wapewe namba ya daktari kabla hawajafika miezi sita. Juzi amenipigia mwenyewe kuuliza hiyo picha inapigwa siku gani.